Maswali ya Wakusanyaji Stempu: Manowari ya Senti 3 Iliyotia Nanga Unguja

SWALI: Assalaam alaykum wahariri. Katika albamu ya marehemu babu nimekuta stempu ya Marekani ya senti 3, kijani kinachoelekea samawati, ina meli ya milingoti mitatu na jina Constitution. Ni meli gani hii, ilipigana wapi, na je, iliwahi kufika pwani yetu?
Msomaji, Kibokoni

JIBU: Wa alaykum salaam. Stempu hiyo ilitolewa tarehe 21 Oktoba 1947, manowari Constitution ilipotimiza miaka 150 tangu kushushwa majini huko Boston. Meli yenyewe ingali inaelea katika bandari hiyohiyo, na bado ni mali ya jeshi la wanamaji la Marekani.

Iliagizwa kwa sheria ya mwaka 1794 pamoja na manowari nyingine tano, kwa kuwa meli za biashara za Marekani zilikuwa zikitekwa na maharamia wa Algiers, Afrika Kaskazini. Msanifu wake alikuwa Joshua Humphreys. Kushushwa kwake kulikuwa na taabu. Tarehe 20 Septemba 1797 iliteleza kama mita 8 ikakwama, siku mbili baadaye ikasogea kama mita 9 nyingine ikakwama tena, maana njia ya kushushia ilikuwa inadidimia kwa uzito wake. Ilibidi njia itengenezwe upya na maji makuu yangojewe, ndipo mwezi uliofuata ikaingia baharini.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa vita vya Tripoli, nako ni Afrika Kaskazini, ambako iliupiga mji mizinga mwaka 1804. Lakini jina lake lilikua katika vita vya Marekani na Uingereza vilivyoanza 1812. Watu hupenda kusimulia ushindi wake wa tarehe 19 Agosti mwaka huo, ilipoiangusha milingoti yote mitatu ya manowari ya Kiingereza Guerriere. Kwa maoni yetu, ubaharia wake bora ulionekana mwezi mmoja kabla, ilipokimbia.

Mnamo Julai 1812 nahodha Isaac Hull alijikuta anafuatwa na manowari tano za Waingereza karibu na pwani ya New Jersey, na upepo umekufa kabisa. Kwanza alishusha mashua ziivute meli kwa makasia. Kisha akapima kina akakuta kama mita 44, akaamuru kamba zote za akiba ziungwe pamoja. Nanga ndogo ilipakiwa mashuani, ikapelekwa mbele mbali na kutupwa, na mabaharia waliobaki melini wakaivuta kamba hadi meli ikaifikia nanga. Huku hiyo inang'olewa, nanga ya pili ilikuwa tayari inapelekwa mbele. Waingereza walipogundua mbinu hiyo wakaiga. Hull akamwaga baharini zaidi ya lita 8,000 za maji ya kunywa ili meli iwe nyepesi, na akaamuru matanga yaloweshwe, kwa sababu kitambaa kikavu hupitisha upepo mwembamba ilhali nyuzi zilizolowa huvimba na kuuzuia. Ilipokaribia tufani ndogo ya mvua, alikunja matanga haraka kana kwamba anatazamia dhoruba kali. Waliomfuata wakakunja yao. Mvua ilipowaficha, yeye akayatweka tena akatoweka. Mbio hizo zilichukua saa 57.

Mwisho wa mwaka huohuo, tarehe 29 Desemba, iliishinda manowari ya Kiingereza Java karibu na pwani ya Brazil ingawa usukani wake ulikuwa umevunjwa kwa risasi. Na Februari 1815 ilizikamata manowari za Kiingereza Cyane na Levant kwa jioni moja. Mkataba wa amani ulikuwa umekwisha kuidhinishwa siku chache kabla, ila habari hazikuwa zimeifikia baharini.

Sasa pwani yetu. Ndiyo, ilifika, ila bandari iliyoipokea ni Unguja, si Mombasa. Mwezi Mei 1844 iliondoka New York chini ya nahodha John Percival kuizunguka dunia, ikapita Brazil, Madagaska na Msumbiji, na kabla mwaka haujaisha ikatia nanga Unguja. Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alikuwa ameshahamishia makao yake huko, na Mombasa ilikuwa chini ya himaya yake tangu Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walipopoteza Ngome ya Yesu mwaka 1837. Haikuwa ziara ya kigeni kwa wenyeji. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, balozi mdogo wa Marekani alikuwa Unguja tangu 1837, na kitambaa cha merikani, yaani pamba kutoka Marekani, kilikuwa kinauzwa pwani nzima. Miaka minne kabla, mwaka 1840, meli ya Sayyid iitwayo Al-Sultanah ilikuwa imefika New York chini ya Ahmad bin Na'aman ikiwa na pembe, karafuu, tende na kahawa, na Wamarekani wakaifanyia matengenezo katika karakana yao ya jeshi bila malipo. Anayekusanya stempu za pwani aziweke safari hizi mbili ukurasa mmoja.

Kutoka Unguja ilielekea Sumatra na Singapore. Huko ndiko kuhara damu na homa vilipowaangusha mabaharia wengi. Iliporudi Boston Septemba 1846 ilikuwa imesafiri maili 52,370, siku 495 zikiwa baharini. Baadaye ilipelekwa pwani ya Afrika Magharibi kuwinda meli za watumwa, na Novemba 1853 ikakamata jahazi la Kimarekani lililokuwa katika biashara hiyo. Hilo ndilo la mwisho ililoliteka. Baada ya hapo ilifundisha wanafunzi wa uanamaji, ikachakaa, na mwaka 1905 waziri mmoja alipendekeza izamishwe kwa kulengwa shabaha. Wananchi wakakataa, na miaka ya 1920 watoto wa shule walichanga senti zao ili itengenezwe.

SWALI: Nasikia risasi za mizinga zilikuwa zinagonga ubavu wa Constitution na kurudi. Mbao zaweza kufanya hivyo?
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Zaweza, zikiwa nene na ngumu kiasi hicho. Ubavu wake una tabaka tatu: mwaloni mweupe nje, mataruma (mbavu za meli) ya mwaloni wa kusini katikati, na mwaloni mweupe tena ndani. Karibu na mstari wa maji unene wake hufika zaidi ya sentimita 50. Mataruma yenyewe yalitoka misitu ya Georgia, mti mzito sana na wenye nyuzi zilizosokotana, na yamepangwa kwa kukaribiana kuliko desturi ya meli za wakati huo. Guerriere ilikuwa na mizinga ya risasi za kilo 8, na nyingi zilishindwa kupenya. Constitution ilijibu kwa risasi za kilo 11.

Udhaifu wake ulikuwa mahali pengine, na mafundi wa majahazi wa hapa wataufahamu mara moja. Katikati ya meli kuna tumbo pana linaloelea vizuri. Omo (mbele) na tezi (nyuma) ni nyembamba, lakini zimebeba mizinga na nanga. Basi miisho inashuka, katikati panabaki juu, na mkuku, yaani mti mkuu wa chini ya meli, unapinda kama upinde. Kadiri meli inavyokuwa ndefu ndivyo hali inavyozidi, na hii ina mita 53 kwenye mstari wa maji. Humphreys alilijua hilo, akaweka ndani mihimili minene ya mshazari kutoka karibu na mkuku hadi kwenye sitaha, ili uzito wa miisho urudishwe katikati. Katika matengenezo ya baadaye mihimili hiyo iliondolewa, na kufikia mwaka 1992 mkuku ulikuwa umepinda zaidi ya sentimita 30. Walipoiweka katika gudi kavu waliiacha ijilaze polepole juu ya magogo hadi mkuku ukanyooka, kisha wakairudisha mihimili. Ndiyo sababu mwezi Julai 1997 iliweza kusafiri kwa matanga yake yenyewe, mara ya kwanza baada ya miaka 116.

SWALI: Nataka kuanza mkusanyo wa manowari za matanga. Niongeze zipi bila gharama kubwa?
Mwanafunzi, Tudor

JIBU: Tafuta Victory, meli ya Nelson, amiri wa Kiingereza, katika stempu ya Uingereza ya shilingi 2 na peni 6 ya mwaka 1951, na ile ya peni 24 ya mwaka 1982. Ya Constitution nayo ni rahisi, ilichapishwa kwa mamilioni, kwa hiyo usikubali kuuziwa kama adimu. Ureno ilitoa stempu za Vasco da Gama mwaka 1898 zenye São Gabriel, meli iliyofika mbele ya Mombasa Aprili 1498. Haikuwa manowari hasa, lakini ilibeba mizinga, na mkusanyo wa Mombasa bila hiyo una pengo.

SWALI: Stempu zangu zimeganda kwenye bahasha, na nyingine zina madoa ya kahawia. Nifanyeje?
Msomaji, Likoni

JIBU: Kata bahasha ukiacha nusu sentimita pande zote. Bahasha za rangi kali, nyekundu hasa, ziloweke peke yake kwa sababu hutoa rangi. Tumia maji ya vuguvugu, yasiwe moto, kwa dakika 15 hadi 30, stempu ikitazama juu. Usiivute. Ikiwa tayari itateleza yenyewe. Isuuze gundi katika maji mapya, maana gundi iliyobaki ndiyo huinasa stempu kwenye albamu. Ilaze kifudifudi juu ya karatasi ya kukaushia, kisha ikikaribia kukauka iweke kati ya karatasi mbili chini ya kitabu kizito usiku kucha. Ishike kwa kibano chenye ncha bapa, si cha kung'olea nyusi.

Stempu za Marekani za kubandika bila maji za miaka ya karibuni, ikiwemo ya Constitution ya mwaka 2012, zisiloweke: gundi yake haiachii kwa maji. Zikate na karatasi yake. Na stempu isiyotumika, yenye gundi kamili, isiguse maji kabisa.

Madoa ya kahawia ni ukungu, na ukungu huenea. Itenge stempu yenye doa siku hiyohiyo, maana doa likishaingia kwenye karatasi halitoki kwa kuosha. Albamu isimamishe wima, isibanwe, na isiegemee ukuta wa nje. Weka vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu ndani ya sanduku linalofunga, na uvibadilishe mara kwa mara wakati wa masika. Fungua kurasa zipate hewa siku kavu za kaskazi, kivulini. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, kwani hulainisha wino na kuunasa.