Uliza Mwalimu: Kwa nini toniki inawaka buluu kwenye tochi ya kukagulia hela?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko kidato cha pili hapa Moshi. Kaka yangu ana kibanda cha uwakala na ana ile tochi ndogo ya zambarau ya kukagulia noti. Juzi umeme umekatika nikawa naichezea, nikamulika glasi ya toniki iliyobaki mezani, mwalimu ile soda ikawa ya buluu kama ina taa ndani! Nikajaribu soda nyeupe ya kawaida hamna kitu, maji ya bomba hamna, tochi ya simu kwenye toniki hamna. Bibi yangu wa Usa River anasema itakuwa ni ile floraidi ya kwenye maji yao inayoharibu meno. Ni kweli? Na je naweza kuipeleka kwenye maonesho ya sayansi shuleni au wataniona nacheza?

JIBU: Marahaba binti yangu. Kabla sijajibu nataka ujue kwamba kazi ya maana umeshaianza. Ungemulika toniki peke yake ukashangaa ukaenda kulala, hapo ungekuwa umecheza. Ila wewe umejaribu soda nyingine, ukajaribu maji, ukabadilisha na tochi, yaani ukiwa gizani bila kuambiwa na mtu umeshaondoa majibu matatu ya uongo. Endelea hivyo hivyo.

Kinachowaka ni kwinini, hii hii ya dawa ya malaria. Inatoka kwenye magome ya mti wa sinkona, asili yake Amerika ya Kusini, na hata hapa kwetu ulipandwa kule Amani, milima ya Usambara. Kwenye toniki wanaweka kidogo tu kwa ajili ya ule uchungu. Na hapa naomba nisisitize maana nimeshasikia watu wakisema toniki inatibu malaria: haitibu. Sheria ya Marekani inaruhusu isizidi miligramu 83 kwa lita, wakati mtu mzima anayetibiwa kwa vidonge vya kwinini anameza kama miligramu 600 kwa mara moja, tena kila baada ya saa 8. Ungetakiwa unywe zaidi ya lita 7 kwa dozi moja. Mtu akiumwa aende akapime.

Sasa kwa nini inawaka. Wewe mdogo wake wakala utanielewa haraka. Chukulia mwanga ni hela, kuna noti ndogo na noti kubwa. Mwanga mwekundu ni noti ndogo, buluu ni kubwa kidogo, zambarau zaidi, na ukishaipita zambarau kuna mwanga ambao macho yetu hayaushiki kabisa, huo ndo UV. Kwinini inapokea noti kubwa tu, zile za kama nanomita 350 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, namba ikishuka nishati inapanda, usije ukachanganya kwenye mtihani). Ikipokea, elektroni yake inaruka ngazi ya juu, inatikisika kidogo na kutulia, hapo sehemu ya nishati inapotea kama joto, hayo ndo makato, halafu kilichobaki inakitoa kama mwanga wa nanomita 450 hivi ambao ni buluu na jicho linauona. Umeweka elfu kumi umetoa pungufu. Hiyo ndo floresensi, na inaisha pale pale ukizima tochi, sio kama zile nyota za plastiki za kubandika darini zinazoendelea kuwaka mpaka usingizi ukuchukue.

Tochi ya simu ni kali kweli ila noti zake ni ndogo. Hata ulete mia mia gunia zima, kwinini haizijumlishi ziwe elfu kumi. Inataka noti moja iliyo kubwa.

Mwambie bibi shikamoo yangu, halafu mwambie floraidi haihusiki, ila hajakosea sana maana majina ni ndugu. Kuna jiwe linaitwa fluorspar, vipande vyake vingine vinawaka kwenye UV. Kutoka kwenye jina la jiwe hilo ndo ikaitwa florini, ambayo floraidi ni aina yake, na mwaka 1852 mwanasayansi George Stokes wa Cambridge akatoa hapo hapo jina la floresensi. Maji ya kule Meru yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ndo maana pale Ngurdoto kuna kituo kinachofanyia kazi uchujaji kwa mkaa wa mifupa. Lakini umulike maji hayo usiku kucha hayatawaka. Huwezi kuijua floraidi kwa tochi na usimwache mtu akudanganye hivyo.

Kuhusu maonesho, nenda, ila usipeleke glasi inayowaka peke yake. Wengi wataleta kitu kinachong'aa na kila mtu atasema waoo na kuondoka. Wewe peleka kipimo. Nakupa kimoja ninachokipenda kuliko vyote.

Tafuta glasi tatu zinazofanana, toniki kiasi sawa kila moja. Moja usiiguse, moja tia chumvi ya mezani, moja tia sukari kiasi kile kile cha chumvi. Zima taa, mulika zote tatu kwa umbali mmoja. Ya chumvi itafifia, na sio kidogo, ukianza na chumvi ya kushika kwa vidole viwili utaona tofauti na ukifika kijiko cha chai ile buluu inakaribia kupotea kabisa, wakati ya sukari inawaka kama kawaida. Kwinini haijaenda popote, ionja utaona bado ni chungu (chungu na chumvi, pole). Kilichotokea ni kwamba kloraidi ya kwenye chumvi inaigonga kwinini ikiwa bado imeshikilia ile nishati na kuipokonya kabla haijaitoa kama mwanga. Na muda wenyewe ambao kwinini inashikilia nishati ni kama nanosekunde 20 tu, yaani sekunde moja uikate vipande bilioni moja halafu uchukue 20. Ndani ya muda huo kloraidi inakuwa imeshafika. Mi kila nikiliwaza hili nasimama kwanza.

Sukari ndo roho ya hilo jaribio maana jaji atakuuliza, je sio kwamba umetia tu kitu kikayeyuka? Unamwonyesha glasi ya tatu.

Fungua toniki siku moja kabla ya jaribio, ili gesi iishe. Mara ya kwanza nilipofanya na wanafunzi tulitia chumvi kwenye soda iliyofunguliwa muda huo huo, ikafura ikamwagika meza nzima juu ya karatasi zetu, na karatasi nyeupe nazo zinawaka buluu kwenye UV, basi hatukujua tena kinachowaka ni soda au ni karatasi. Tandika kitambaa cheusi. Na ujaribu cheusi chenyewe kwanza.

Tahadhari tatu na hizi sio za kupamba. Usimulike macho ya mtu wala yako, maana jicho linaona ule uzambarau hafifu linadhani mwanga ni mdogo kumbe mwingi wake hauonekani. Na usiguse kabisa zile taa za kuulia vijidudu zilizojaa madukani kipindi cha korona, zile ni UV ya aina nyingine, nanomita 254, zinaunguza macho na ngozi. Pia kuna watu watakwambia utie jiki kwenye toniki uone ikizimika. Toniki ina asidi, jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Usifanye.

Kama siku ya maonesho tochi ikigoma, toa glasi nje saa sita mchana, shika kitambaa cheusi nyuma yake utazame pembeni. Utaona utandu wa buluu upande jua linapoingilia. John Herschel aliuona huo huo mwaka 1845 kwenye maji ya kwinini, na jua la Moshi halina upungufu.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama, naishi Njiro, Arusha. Mwanangu amenunua hiyo tochi akamulika mashati yake ya shule yakawaka buluu yote, sasa anasema sabuni ya unga ina kemikali ya mionzi. Niache kuitumia?

JIBU: Nzuri dada, pole na presha. Hakuna mionzi ya kuogopa hapo. Sabuni nyingi za unga zinawekwa kitu cha kung'arisha ambacho kinabaki kwenye nyuzi za nguo, kinanyonya UV ya jua na kutoa mwanga wa buluu, basi shati lililoanza kuwa njano linaonekana jeupe. Mama zetu walitumia ile buluu ya kufulia, lengo lilikuwa hilo hilo ila njia tofauti, buluu ile inapunguza unjano kwa kupaka rangi, hii ya sasa inaongeza mwanga. Mtoto akiwashwa ngozi badilisha sabuni, kama hawashwi fua tu.

Mpe kazi: achukue amerikani, ile ambayo haijapaushwa, aikate vipande viwili, kimoja afue kwa sabuni ya mche kingine kwa ya unga, aanike mpaka vikauke, amulike usiku. Asitumie kitambaa cheupe cha dukani maana vingi vinatoka kiwandani vikiwa tayari vimeshatiwa king'arishi.

SWALI: Mwalimu, nina mtoto wa miaka tisa mwenye ualbino. Tunapata losheni ya jua lakini naambiwa madukani kuna za bandia. Nimeona kwenye simu mtu anapima losheni kwa tochi ya UV. Je na mimi naweza kumpimia mwanangu? Mama wa Moshi.

JIBU: Mama yangu, swali lako nimelisoma mara nyingi na nataka nikujibu kwa uangalifu.

Jaribio lenyewe ni la kweli. Unachukua nailoni angavu ya kujalidia madaftari, unaiweka juu ya glasi ya toniki, unamulika kwa juu. Toniki ikiwaka maana yake UV imepita kwenye nailoni (isipowaka badilisha nailoni, nyingine zinazuia zenyewe). Halafu paka losheni nusu moja, nusu nyingine paka mafuta ya nazi, mulika tena. Chini ya mafuta ya nazi toniki inaendelea kuwaka, chini ya losheni inayofanya kazi inafifia. Hapo kwinini inakuwa jicho lako, inakuonyesha mwanga ambao wewe huuoni umefika au haujafika.

Ila usiitumie kuhukumu losheni ya mtoto. Tochi nyingi za bei rahisi zinatoa nanomita 395, pembeni kabisa ya zambarau, na losheni nyingi nzuri tu haziuzuii mwanga huo sana, kwa hiyo utaitupa dawa nzuri ukidhani feki. Ukipata ya 365 utaona vizuri zaidi, lakini hata hiyo ni UVA, yaani UV iliyo jirani na zambarau, na mwanga unaounguza ngozi zaidi ni UVB, ule wa kati ya 280 na 315, ambao tochi hizi hazitoi kabisa. Namba ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) kwenye kopo inahusu zaidi huo UVB. Kwa hiyo losheni inaweza kufaulu kwenye tochi ikafeli juani, au kinyume chake.

Kwa bahati uko Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, na ndo ilikoanzia losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nenda na mtoto, nenda na kopo ulilonalo, waulize.

Hata hivyo usiitupe ile nailoni, itakusaidia kwa kitu kingine. Mwite mtoto aipake losheni mwenyewe kama anavyojipakaga usoni asubuhi akiwahi shule. Mulikeni pamoja. Mtaona mistari na madoa ya buluu pale vidole viliporuka, na pale alipopaka nyembamba mno. Mtoto wa miaka tisa akiyaona hayo kwa macho yake, huhitaji kumsemesha kila siku kuhusu masikio na nyuma ya shingo. Kisha wekeni kofia yake juu ya glasi, na shati la mikono mirefu, mwone lipi linapitisha. Kitambaa kilichofumwa karibu karibu ni kinga isiyofutika kwa jasho.

Na siku za mawingu mpake pia. UV inapenya mawingu, na kila unapopanda mita 1000 inaongezeka kwa asilimia 10 hadi 12, kwa hiyo akienda kwa babu yake juu huko migombani, baridi isimdanganye.

SWALI: Mi ni broka wa mawe hapa Arusha. Tochi ya UV inaweza kunitofautishia tanzanaiti ya kweli na feki?

JIBU: Kaka, kwa tochi peke yake hapana. Tanzanaiti kwa kawaida haiwaki, inabaki kimya, lakini na vioo vingi navyo vinabaki kimya, sasa ukimya utakusaidia nini. Rubi ndo inawaka nyekundu kwa sababu ya kromiamu ndani yake, zile za Longido mara nyingi utaziona, ila rubi ya kutengenezwa maabara nayo ina kromiamu na inaweza kuwaka kuliko ya mgodini. Pale tochi inapokufaa ni kwenye nyufa: baadhi ya gundi na mafuta ya kujazia nyufa yanawaka, kwa hiyo ukiona mstari wa buluu au njano umekatiza kwenye jiwe, usilipie kwanza, lipeleke kwa mwenye hadubini.