Kompyuta mbili, anwani moja

Kompyuta ya mhasibu wetu hapa Westlands inasema anwani yake ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) inatumiwa na kifaa kingine. Tukiizima na kuiwasha inatulia, kesho yake yale yale. Tufanyeje?

Iacheni hiyo kompyuta, mara nyingi haina kosa. Tafuteni kifaa kilichowekewa anwani kwa mkono, badala ya kupewa na ruta. Kwa kawaida ni printa, au kamera za usalama ambazo fundi alifunga akaenda zake. Tuseme inayogombaniwa ni 192.168.1.50. Chomoeni waya wa mhasibu, kisha kwenye kompyuta nyingine ya Windows mfungue Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), mwandike ping 192.168.1.50, halafu arp -a. Hata kifaa kisipojibu ping, anwani yake ya MAC (namba anayokipa mtengenezaji) huonekana kwenye orodha. Hakikisheni tu si ya mhasibu. Tarakimu 6 za kwanza hutambulisha kampuni iliyokitengeneza, kwa hiyo mtajua kama mnatafuta printa au kamera. Mkikipata, msikibandike namba nyingine ya kubahatisha. Kiwekeni kwenye DHCP (yaani kiombe anwani kwa ruta chenyewe), kisha ndani ya ruta mkihifadhie anwani yake kwa kutumia hiyo MAC. Ruta ikiwa mgawaji pekee, ugomvi unakwisha.

Mbona migongano huzuka stima ikipotea na kurudi?

Ruta nyingi ndogo huweka orodha ya anwani ilizogawa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Ikiwaka, inaweza kumpa mtu anwani ambayo laptopu iliyokuwa kwenye betri bado inaishikilia. Ruta na swichi zinastahili UPS (betri ya akiba) kabla ya kompyuta yoyote.

Yangu inaonyesha 169.254 na kuendelea. Ni mgongano?

Mara nyingi, hapana. Imeomba anwani haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Anza na waya.

Mwenzetu alileta ruta ya kwake kuongeza nguvu ya Wi-Fi. Sasa wengine wana intaneti, wengine hawana.

Hili ndilo baya zaidi, maana sasa mna wagawaji wawili wa anwani wasiojuana. Tena ruta nyingi hutoka dukani na 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na huenda hiyo ndiyo anwani ya ruta yenu kuu. Hapo kompyuta hazijui zipitie wapi kutoka nje. Ichomoeni kwanza. Mkitaka kuitumia, zimeni DHCP yake, mwipe anwani isiyogawiwa na ruta kuu, na waya uingie tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kuingiza intaneti). Kompyuta zilizobaki na anwani mbovu ziandikiwe, kwenye Command Prompt, ipconfig /release, kisha ipconfig /renew.