Perege wa Magadi anaishije?

Swali: Shikamoo mhariri. Shemeji kapeleka mzigo Ziwa Magadi kule Kenya, karudi hapa Ngaramtoni anasema kaona visamaki kwenye maji ya moto yanayoteleza kama sabuni. Kweli jamani?

Jibu: Marahaba. Kweli kabisa, ni aina ya perege, na mi nampenda sana huyu. Samaki wengi wanatoa taka ya amonia kupitia mashavu, sasa kwenye maji yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) kama 10, yaani alkali kali, haitoki vizuri, ingebaki mwilini imuue, kwa hiyo yeye anaigeuza kuwa yurea, ileile ya kwenye mkojo wetu, anaitoa kwa mashavu hayohayo. Usiku oksijeni ikipungua anapanda juu, mdomo wazi, anameza hewa.