Presha ya mimba: kwa nini wanarudia kupima chembe sahani

Kaka, umeuliza kwa nini wifi, mimba ya wiki 33 na presha 150/100, anatolewa damu kila mara kupimwa chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda, ilhali shida ni presha. Mimi ni mkunga, nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, na kipimo hicho ningekidai kwa nguvu angekuwa mdogo wangu.

Mimba yenyewe huifanya damu igande upesi, ili mama asivuje sana akijifungua. Ikija presha yenye protini kwenye mkojo, kuta za ndani za mishipa midogo huumia, na chembe sahani hukimbilia kuziba. Zinatumika huko hadi zinapungua. Kawaida ni 150,000 hadi 400,000 kwa mikrolita. Chini ya 100,000 ugonjwa umeshakuwa mkali, hata presha isipopanda. Chini ya 70,000 wataalamu wengi wa usingizi husita kuchoma sindano ya mgongo, na upasuaji huenda kwa nusu kaputi. Kwa hiyo usiridhike ukiambiwa majibu ni mazuri. Ulizia namba, iandike, ilinganishe na ya mwanzo.

Kinachonitia hofu zaidi ni mama kuumwa chini ya mbavu za kulia. Tulimpokea mama aliyekuwa akimeza dawa za vidonda vya tumbo, kumbe ini linaumia, seli nyekundu zinapasuka na chembe sahani zimeporomoka. Ndiyo HELLP hiyo, sura kali ya ugonjwa huu wa presha ya mimba. Tulitia damu yake kidogo kwenye tyubu kavu ya kioo, nikaifumbata kiganjani ipate joto. Dakika 7 zikapita, bado inachuruzika kama maji. Hapo hakuna kusubiri maabara: unaita daktari, unatafuta damu, mtoto anatolewa. Alipona, kwa damu ya watu wengi.

Wifi akisema hapo panauma, au kichwa hakiachi, au anaona nyotanyota, au fizi zinatoka damu, nendeni usiku huohuo kwenye hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji. Msinunue diklofenaki, ile dawa ya maumivu, dukani, inazizuia chembe sahani kushikana. Kama kliniki walimpa aspirini ndogo, asiiache wala kuiongeza bila daktari.

Akijifungua msidhani yamekwisha. HELLP huweza kuanza baada ya mtoto kutoka, hasa siku 2 za kwanza, basi ombeni namba irudiwe kabla ya ruhusa. Na kwa wiki 6 hatari hugeuka upande wa pili, damu kuganda mishipani: mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, mrudishe hospitali.