Rafiki yangu ameiba hadithi yangu, natamani kuchoma madaftari

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, niko nyumbani. Wakishalala huandika hadithi za mapenzi kwenye madaftari. Mume wangu huziita kazi za wasio na kazi. Nilimpa rafiki yangu hadithi moja aisome. Juzi nimeikuta kwenye kundi la WhatsApp, kabadilisha majina ya wahusika tu, kaweka jina lake na watu wanamsifu. Nimeumia, natamani nichome madaftari yote. Nifanyeje? – Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Kiberiti kiweke mbali, maana madaftari hayo ndiyo ushahidi wako.

Umenikumbusha Nora Roberts, Mmarekani ambaye riwaya zake zimepita 200. Februari 1979 theluji kubwa ilimfungia ndani huko Maryland na wanawe wawili wadogo. Akachukua daftari, akaanza kuandika. Harlequin, kampuni inayochapisha riwaya za mapenzi, ilimkataa, ikisema tayari ina mwandishi wake wa Kimarekani, naye alikuwa Janet Dailey. Riwaya ya kwanza ya Nora ilitoka 1981 kwa kampuni nyingine, Silhouette, iliyokuwa changa wakati huo.

Sasa sikia hili. Miaka ikapita, msomaji mmoja akasoma kitabu cha Nora na cha Dailey kwa kufuatana, akaona maneno yanafanana mno, akaweka sehemu hizo mtandaoni. Mwaka 1997 Dailey akakiri kwamba alikuwa akimnakili Nora. Ndiyo, yule yule aliyewahi kumzibia nafasi! Nora hakunyamaza eti kwa sababu ni mwandishi mwenzake. Alimshtaki, wakamalizana kwa malipo, na fedha hizo akazitoa kusaidia watu kujua kusoma na kuandika. Na aliendelea kutoa vitabu. Hili la mwisho ndilo ninalokutaka ulishike kuliko yote, kwa sababu aliyekuibia kachukua hadithi moja, lakini ukichoma madaftari utakuwa umejinyang'anya mwenyewe zote zilizobaki.

Hakimiliki ya hadithi ni yako tangu ulipoiandika, hata kama hukuisajili popote. Kwa hiyo leo piga skrinishoti ya alichoweka, tarehe ionekane. Piga picha kurasa za daftari lako, pamoja na ujumbe uliomtumia kama upo.

Kuhusu baba watoto, usibishane naye. Mchagulie ukurasa mmoja ulio bora, msomee mkiwa wawili. Huenda hajawahi kusikia hata sentensi yako moja, anahukumu jina la mapenzi tu. Asipobadilika, wewe andika. Saa ile watoto wamelala ni yako, na mapenzi ni jambo zito: ndoa, wivu, umaskini na msamaha vyote vimo humo. Sioni aibu yoyote kwa anayeyaandika vizuri.

Rafiki yako mwite faragha kwanza, usimwaibishe kundini kabla hujamsikia. Mwambie aandike mle mle kundini kwamba hadithi ni yako, na umpe siku mbili. Akikataa, mpelekee admini picha zako zote, halafu hadithi inayofuata iweke mwenyewe, jina lako juu.