"Hand" si mkono tu

Mleta mada anauliza: kamusi yake inasema "hand" ni mkono, basi mbona anakutana na "farm hand", na saa yenye "second hand", na meli iliyozama "with all hands"? Kazi yangu ni kutafsiri na neno hili napambana nalo kila mara, kwa hiyo niseme ninayoyajua.

Hata kwenye mwili wenyewe halilingani na mkono wetu. Sisi mkono unaanzia begani hadi ncha za vidole. Mwingereza kaugawa: bega hadi kifundo ni "arm", kifundo hadi vidoleni ndiyo "hand". Kwenye ripoti ya daktari hapo hakuna mchezo. Aliyevunjika "arm" na aliyevunjika "hand" kwetu wote wamevunjika mkono, lakini plasta haifungwi mahali pamoja. Mimi huandika "mifupa ya kiganja" ili kusiwe na utata.

Halafu kuna "hand" ambayo ni mtu. "Farm hand" ni kibarua wa shambani. Baharini "hands" ni mabaharia, kwa hiyo meli iliyozama "with all hands" imezama na mabaharia wake wote, hakuna aliyepona. Nimewahi kusoma tafsiri iliyosema "ilipotea na mikono yote". Nikacheka, kisha nikaona haya kucheka, maana ile ilikuwa habari ya msiba.

"Second hand" ya saa ni mshale wa sekunde (wazee husema akrabu). Ikija na kistari kati, "second-hand", na nyuma yake kuna kitu, huo ni mtumba. "A second-hand watch with no second hand" ni saa ya mtumba isiyo na mshale wa sekunde, basi. Habari nazo zikiwa "second-hand" ni za kusikia kwa watu.

Panapowachanganya wengi zaidi ni "give me a hand". Kwetu ukimpa mtu mkono umemsalimia. Sasa mtu amekumbatia kabati ngazini, anakuambia "give me a hand", nawe unanyoosha kiganja umsalimie! Anataka umsaidie kubeba. Mshereheshaji akiomba "a big hand" anataka makofi, na anayeomba "her hand" amekuja kuposa.

Vitenzi havina shida sana: "hand in" ni kuwasilisha kazi kwa mwalimu, "hand out" kugawa, "hand over" kukabidhi. "Hand down" ndiyo ya kuangalia, kwa sababu wazee wanarithisha mila na mahakama inatoa hukumu kwa neno hilohilo.

La mwisho hukuliuliza, ila utakutana nalo ukisoma habari za farasi. "Hand" ni kipimo cha kimo chao, inchi 4, yaani sentimita 10.16, asili yake upana wa kiganja. Farasi akiandikwa "15.2 hands" usiisome kama desimali: ni "hands" 15 na inchi 2, jumla inchi 62, kama sentimita 157, kutoka chini hadi juu ya mabega, kichwa hakihesabiwi. Ikifika 15.3, inayofuata ni 16. Ukiona mahali pameandikwa 15.5, jua aliyeandika hajui kipimo hicho.