Maswali ya Wasomaji: Ikiwa dunia yapita, akiba ya nini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nafanya kazi hotelini. Tangu tufundishwe kanisani kwamba sisi ni wapitaji hapa duniani, nimeacha kuweka akiba, na kazi naifanya bora siku iishe. Mke wangu analalamika. Je, nimekosea?
Msomaji, Nungwi

JIBU: Amina, ndugu yetu. Fundisho ni sahihi, ila umelishika kwenye makali badala ya mpini.

Thesalonike nako walikuwapo walioacha kazi, na Paulo akaagiza kwamba asiyetaka kufanya kazi, kula asile (2 The 3:10). Wakolosai aliwaambia lolote wafanyalo walifanye kwa moyo kama kwa Bwana, wakijua watapokea ujira wa urithi (3:23-24). Maneno hayo waliambiwa watumwa, watu wasio na mshahara wala tipu! Basi hata shuka unayotandika imo katika hesabu hiyo. Nenda Mkunazini, mjini Zanzibar, ukaone: soko la watumwa lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale. Askofu Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyelijenga, aliamini uzima wa milele, na hakukaa akiungoja.

Kuhusu akiba, tajiri wa mfano wa Yesu katika Luka 12 hakulaumiwa kwa kuwa na ghala. Alijiwekea nafsi yake tu, asijitajirishe kwa Mungu. Wewe wajua masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu. Asiye na akiba hula kwa mkopo wa duka, na mwenye duka ndiye anayeuona Ukristo wako kwa karibu kuliko mchungaji. Msimu wa wageni ukianza, mshahara ukiingia toa sadaka, lipa deni, kisha tenga ya masika. Tipu ziandike kila siku, maana pesa ya mfukoni huyeyuka bila hesabu. Fungu la kusaidia wengine litengwe mapema pia. Ukingoja kibaki, hakibaki kitu.

Jioni soma Zaburi ya 90, aya 17 tu, kisha jiulize nani umemkosea leo. Mpigie simu kabla hujalala (Efe 4:26). Wengine wakisikia sisi ni wapitaji hutafakari kifo mpaka wakaingiwa na hofu. Ikikupata hiyo, hamia Warumi 8.

Leo lakini anza na mke wako. Kaeni na daftari, naye ajue pesa ya Aprili itatoka wapi.